Sahani za Wageni za Mama Opio

Nianze na hili kabla hasira hazijanipanda zaidi: mtu anayehama haulizwi "Hii tunatupa?"

Jana mjukuu wangu Rehema alikuja kunisaidia kupanga chumba. Yeye na wenzake wameanza kazi ya kuhamisha wanafunzi wa hosteli kule Wandegeya, wana pikapu ya kukodi na fulana za rangi moja, na nawapongeza. Lakini alipofika kwangu alichukua kitu juu ya meza, akakigeuza, akaniuliza swali hilo. Ananiuliza mimi, niliyefunga mizigo ya watu Kampala hii mpaka vidole vikapinda. Nikamwambia akirudishe alipokitoa. Akacheka, akasema, "Jaja, hata wewe?" Ndiyo maana naandika. Nikisema kwa mdomo anatazama simu.

Basi Rehema, na nyinyi wenzake, someni mpaka mwisho.

Kazi yangu ilikuwa kufunga. Lori lilikuwa la Mzee Oloya, askari mstaafu kutoka kaskazini, mtu wa maneno machache na kofia moja. Vijana wa kubeba hakuwakosa, ila vijana wale walishika glasi kama wanavyoshika gunia la mkaa. Mimi nilikuwa nauza vikombe sokoni Wandegeya. Oloya alinunua vikombe kwangu, akasafiri navyo mpaka kwao kwa barabara ya siku hizo, na aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu. Akasema hakuna kilichopasuka. "Hajati, wewe najua kufunga. Kuja tufanye kazi." Mimi Maka sijaiona mpaka leo, lakini aliniita Hajati siku ile na jina likaninasa. Nimechoka kuwasahihisha watu.

Niwape ujuzi kidogo, maana naona mnavyofunga na moyo unaniuma. Sahani hailazwi kwenye boksi. Sahani husimama, ubavu kwa ubavu, na gazeti katikati, na chini ya boksi taulo kuukuu. Ukizilaza, ya juu inaikandamiza ya chini, na shimo la kwanza barabarani litakupa vigae. Kioo husafiri katikati ya magodoro. Sigiri ya mkaa, birika, sukari na mkeka vinapakiwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa lori, ili vitangulie kushuka. Mtu aliyekunywa chai katika nyumba mpya kabla ya jioni hatalia sana usiku. Hilo nimeliona mara nyingi, na nyinyi mnaweka sigiri chini ya vitanda.

Sasa, kuhusu wenye vitu. Ya Rabi, wenye vitu. Kule Nakasero nilimhamisha bwana mmoja aliyekuwa na milango miwili ya gari aliloliuza zamani. Gari lenyewe halipo, milango ipo, imefunikwa blanketi safi kuliko lake la kulalia. Nilimfungia mizigo mama mmoja aliyekuwa na masufuria yaliyotoboka, moja ndani ya jingine, na alinisimamia nisije nikaacha hata moja. Watu wana redio zisizosema na saa za ukutani zilizolala. Ukiwauliza, wanakuambia zitatengenezwa. Nani atazitengeneza? Fundi mwenyewe kashakufa.

Na msidhani nawacheka nikiwa mbali. Mimi ni Mnubi. Nyumba za mama zetu, ukuta mzima umejaa vifuniko vya chakula vilivyosukwa kwa rangi zote za dunia, na hakuna hata kimoja kilichowahi kufunika chakula. Nimekulia ndani ya wazimu huu. Ninachosema ni kwamba unachosha.

Mwanzoni nilikuwa nabishana nao. Nilibishana mpaka sauti ikakauka, na mzigo ukaingia lorini wote vilevile. Oloya ndiye aliyenionyesha njia. Siku moja kabla ya kuhama alikuwa anakwenda kwenye nyumba mpya na kamba ya katani. Anapima chumba, anafunga fundo kila kona, anarudi. Kesho yake anaitandaza kamba ile uani kwa mwenye vitu, nami nafuata na kopo la majivu, namwaga mstari kwenye kamba. Tukiiondoa, chumba kipya kinabaki pale chini, na mlango wake tumeuachia nafasi. Halafu tunamwambia mwenye vitu: haya, panga. Kila kitu tunachokitoa nje, tunamuuliza swali moja tu, "Hiki kitakaa wapi?" Anakionyesha mahali, tunakiweka. Mahali pakiisha, anaona mwenyewe. Hapana haja ya kumwambia mtu kwamba maisha yake ni takataka.

Njia hiyo haikutuangusha ila mara moja, na mara hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia. Ilikuwa katika nyumba za polisi, sitasema zipi. Mama Opio alikuwa mjane wa sajini. Zile nyumba ni za kazi, na kazi ikiisha nyumba inaenda kwa mwingine, kila mtu pale anajua. Alikuwa amepewa muda, muda ukaisha. Mwanawe wa kwanza, Opio, mlinzi katika hoteli moja Nakasero, alikuwa amemjengea chumba nyuma ya nyumba yake kule Makindye. Mtoto mwema, mdomo mbaya.

Tulipofika asubuhi, familia inayoingia ilikuwa imeshafika. Mke wa konstebo, binti mdogo tu, amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, mtoto mgongoni, sufuria zake ndani ya beseni. Mumewe yuko zamu. Alikaa akiutazama mlango wa nyumba itakayokuwa yake, na kila aliyetoka na kiti alimpisha kwa macho.

Ndani, nikachoka kabla sijafunga hata kijiko. Makochi yenye vitambaa vya kufuma mpaka miguuni. Televisheni nzima imekaa juu ya televisheni mbovu. Sanduku la bati la marehemu, namba yake ya kazi imepakwa rangi nyeupe ubavuni. Na ukuta mzima wa nyuma, kabati la vioo.

Nawaambia kuhusu kabati hilo. Mumewe alipopandishwa kuwa sajini, mkubwa wake alimwambia kwamba atakuja na mkewe wale pamoja naye nyumbani. Mama Opio akanunua sahani nzuri, nyeupe zenye maua ya waridi pembeni, seti nzima na mabakuli yake. Sajini akaita seremala amtengenezee kabati la kuziwekea. Mkubwa yule akahamishwa wilaya nyingine, hakuja. Sahani zikabaki zinamngoja. Jirani wakaja miaka nenda rudi, wakala kwenye sahani za plastiki, kwenye mkeka, chini ya kabati lile lile. Nilimuuliza Mama Opio kama kuna aliyewahi kula katika zile za maua. Akaniambia ni za wageni.

Vijana wakalishika kabati. Likafika mlangoni, likakataa. Wakalilaza, likakataa. Wakaung'oa mlango wa nyumba kwenye bawaba zake, wakalijaribu kwa pembe, likakataa. Oloya akapima kwa kamba, akavua kofia. Yule seremala alikuwa amelitengenezea ndani. Alileta mbao, akaligongelea palepale ukutani, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja litatakiwa kutoka. Watu wa nyumba za kazi wanaishi hivyo. Wanajua kabisa kwamba watatoka, na wanajenga kana kwamba hawatatoka.

Opio akaenda kwa jirani, akarudi na shoka. Alisema ana nusu siku tu ya ruhusa, na kwamba mbao hizi zitachemsha chai mpaka Krismasi. Mama yake akasimama mbele ya kabati, mgongo kwenye kioo.

"Kata mimi kwanza," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mwisho, na Opio akabaki na shoka mkononi, hajui aliweke wapi. Mke wa konstebo kule nje akaanza kumbembeleza mtoto ambaye hakuwa analia.

Oloya akanipa kopo. "Chora," akasema.

Nikachora chumba cha Makindye uani. Nikamwambia Mama Opio, sawa, tuseme kabati limetoka, limepita mlangoni kwa miujiza. Nikakata kamba kipimo cha kabati, nikamwaga mstari wake ndani ya chumba cha majivu, pale alipotaka. Haya, vingine panga. Akapanga. Makochi yote yakaingia, ubavu kwa ubavu. Meza ikaingia, na televisheni zote mbili juu yake. Sanduku la marehemu likaingia. Majirani walikuwa wametoka sasa, wake wa polisi, wamesimama kwenye baraza zao wakimtazama mwenzao akipanga nyumba juu ya vumbi. Akazunguka, akarekebisha kitambaa cha kochi, akasema vyote vimeenea.

Opio akamuuliza kitanda kiko wapi.

Akasema atalala kwenye kochi. Makochi yale yalikuwa ya mtu mmoja mmoja, yenye mikono ya mbao. Paka mwenyewe asingelala pale.

Hapo uvumilivu ukaniishia, nasema kweli. Jua limepanda, binti wa watu ameketi kwenye godoro, vijana wangu wanasinzia juu ya lori, na huyu mama amejenga chumba kizuri cha kulaza fanicha. Nikaruka mstari wa majivu. Nikajipenyeza katikati ya kabati lisilokuwepo na makochi yaliyokuwepo, nikajilaza chini chali, na gauni langu safi, mbele ya wake wote wa polisi. Kichwa kikagusa sanduku la marehemu. Miguu ikatoka nje ya mstari mpaka magotini.

"Mama Opio," nikamwambia kutoka pale chini, "mguu wako unalala nje."

Majirani wakacheka. Opio akageuka pembeni, mabega yanamtikisika. Nilidhani na yeye mama atacheka, halafu tutoe makochi mawili na mambo yaishe. Badala yake aliketi chini, kwenye vumbi, karibu na kichwa changu, akajifunika uso na kanga. Alilia bila sauti. Mimi nimelala pale na majivu nyweleni sijui niamke au nisiamke.

Alipoweza kusema, alisema hivi, nakumbuka kila neno:

"Hajati, hapa mtoto akianguka huko, mimi nasikia. Mtu akifiwa, mimi iko ya kwanza kufika. Kule Makindye nani anajua mimi? Nikikufa siku ya Jumatatu, watu najua Ijumaa. Hii sahani iko ya wageni. Sasa mgeni iko wapi?"

Opio akasema, taratibu safari hii, kwamba kule atakuwa naye yeye. Mama yake akamwuliza anatoka kazini saa ngapi. Opio akainama akilitazama shoka, maana walinzi wa hoteli wanatoka kazini watu wengine wakiingia kulala.

Basi hilo ndilo lilikuwa ndani ya kabati muda wote. Nami nilikuwa nimeudhika na mbao.

Nikaketi, nikajipangusa. Sikuwa na la hekima. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na hasira, na nilichosema kilitoka kwenye hasira. Nikamwambia mgeni anayemngoja hatakuja, alishahamishwa zamani, na hao anaowalilia wamesimama hapa kwenye baraza zao, nao miaka yote amewalisha kwenye plastiki. Nikaona aibu mara tu neno lilipotoka. Lakini Mama Opio aliinua uso akawatazama wale wanawake, mmoja mmoja, muda mrefu. Halafu akainuka akaenda jikoni.

Alikuwa amepika tangu alfajiri, sufuria kubwa ya maharage yaliyoungwa kwa ufuta na karanga, na posho, yaani ugali, kwa ajili ya vijana wa lori. Alifungua kabati. Akatoa sahani ya maua, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akapakua. Akaibeba mwenyewe mpaka baraza ya kwanza. Akarudi, akapakua nyingine, akaibeba mpaka baraza ya pili.

Lazima niwaeleze, kwa sababu nyinyi mnakula kwenye makopo ya kutupa. Katika zile nyumba, sahani ya jirani ikija kwako na chakula, hairudi tupu. Huirudishi siku hiyo hiyo kama deni la dukani. Unangoja mpaka na wewe umepika kitu, ndipo unaipeleka imejaa. Hata ukiwa huna, unatia vitunguu viwili na chumvi. Mwanamke anayerudisha sahani tupu anasemwa mpaka mumewe anaomba uhamisho.

Kwa hiyo baraza ya tatu walishaelewa. Mama mmoja mnene aliipokea sahani kwa mikono miwili, akaitazama, akamtazama Mama Opio, akalitazama lori. Akauliza hii ataileta wapi.

"Makindye," Mama Opio akasema. "Uliza mama ya Opio."

Akaendelea hivyo hadi rafu za juu zikabaki wazi. Vijana wangu walikula kwenye maua ya waridi, Oloya alikula kofia ikiwa mapajani, Opio alikula akiwa ameliegemeza shoka ukutani. Yule mke wa konstebo alipewa sahani iliyojaa kuliko zote, na alipouliza kwa woga kama kabati litakatwa, Mama Opio alimjibu kwamba kabati ni la nyumba, na kwamba kioo chake hufutwa kwa gazeti, si kwa kitambaa. Akamwonyesha na rafu ambayo haitaki mzigo mzito. Binti yule akasema ndiyo mama, ndiyo mama, na ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake.

Tukarudi kwenye majivu. Kitanda kikaingia kwanza. Sanduku la marehemu likawekwa miguuni pake. Makochi mawili, televisheni moja, ile nzima. Nafasi ikabaki ya mtu kupita na beseni. Sigiri tukaipakia mwisho, na alasiri hiyo tulikunywa chai Makindye, kwenye vikombe vya plastiki.

Mnadhani hadithi iliishia pazuri pale. Nami nilidhani. Opio alipopata mtoto, mama yake akaita watu waje kumwona, na akanialika. Nilipoingia nikasimama mlangoni. Wake wa polisi walikuwa wamejaa uani, wengine waume zao wameshahamishiwa mbali, wamekuja kwa basi. Na kila mmoja alikuwa amebeba sahani. Walikuwa wakija mmoja mmoja kabla ya hapo, huyu wiki hii na yule mwezi ule, lakini siku hiyo walikutana wote. Kitanda cha Mama Opio kilikuwa hakionekani kwa sahani za maua, na kila moja imejaa: muhogo, samaki wa kukaanga, kisamvu, mihogo tena. Alinishika mkono, uso umemkunjamana.

"Hajati, tazama. Hawa watu narudisha mzigo yote siku moja. Sasa naweka wapi?"

Nikamwambia anipe majivu nichore. Alicheka mpaka akashikilia mlango. Kabla jua halijazama alikuwa ameshapakua na kuzisambaza tena zote, maana naye hakuweza kumtoa mgeni mikono mitupu. Ndivyo zinavyoishi sahani zile hata sasa, na mimi niliyewahubiria watu wa Kampala nzima kuachilia vitu nimenaswa na moja yao. Ikiwa kwangu, napika naipeleka Makindye. Ananijazia, narudi nayo. Siwezi kuitupa, siwezi kuiweka kabatini, na siwezi kusema ni yangu. Ukingo wake umemeguka, na kila mmoja wetu anasema ilimegukia kwa mwenzake.

Hiyo ndiyo sahani uliyoigeuza jana, Rehema, ukauliza kama tunatupa.

Zamu ni yangu. Magoti yangu hayapandi tena kile kilima cha Makindye, na ya Mama Opio hayashuki. Kwa hiyo Jumamosi nitapika kunde, nawe utaipeleka sahani hiyo. Panda boda, shika kwa mikono miwili, simu iwe mfukoni. Ukifika usimkabidhi mlangoni na kukimbia kama mleta vifurushi. Ingia, keti kwenye kochi, kula atakachokupa, msikilize akikusimulia mambo ya majirani waliokwisha hama. Halafu ataijaza sahani ili urudi nayo. Ataijaza, kwa sababu hajawahi kunirudishia tupu. Ukiona hakuijaza, ujue ana jambo; nipigie simu ukiwa hapo hapo, usingoje ufike nyumbani.